Yule muuza tochi mnayemjua wote amenimulika usoni saa sita mchana, na wateja wakacheka

Wakuu, salaam.

Ninaandika huku jicho langu la kushoto likiendelea kuona duara la kijani kila ninapolifumba. Sitalitaja jina la aliyenitenda haya, na wala hakuna haja, kwa sababu hakuna mkazi wa Moshi aliyewahi kukatikiwa na umeme usiku ambaye hajasimama mbele ya meza yake: ni yule mwenye spika inayotangaza bei tangu alfajiri, anayevaa kofia ya sufu hata Januari, na ambaye kwake kila bidhaa "imetoka moja kwa moja" pasipo kusema imetoka wapi. Mmeshamjua. Basi mtu huyo leo, mbele ya kadamnasi, ameichukua tochi aliyoniuzia yeye mwenyewe, akaniwashia machoni jua likiwa la utosi, kisha akaniuliza, "Shangazi, ulikuja kununua tochi au ulikuja kununua jua?"

Wateja walicheka. Mama mmoja aliyekuwa akichagua soketi alicheka hadi akaishikilia meza isianguke naye. Na kwa kuwa kijana aliyesimama nyuma hakuwa ameona vizuri, yule bwana akanimulika mara ya pili ili naye asipitwe.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kule Kibosho, usiku wa mawingu mtu hauoni hata mkono wake mwenyewe, nami nina ng'ombe anayekaribia kuzaa, kwa hiyo nilihitaji tochi ndogo ya kutia mfukoni mwa koti, yenye mwanga wa kunitoa mlangoni hadi zizini katikati ya migomba. Alinipa kiboksi chekundu kilichoandikwa lumeni 20,000 (ndiyo wingi wa mwanga), betri ya mAh 9,900 (ndiyo chaji inayobeba) na umbali wa kilomita 2. Kilomita mbili, wakuu, kwa kitu kinachoenea kiganjani! Nilipoiwasha usiku huo, dakika ya kwanza jogoo wa ng'ambo ya korongo waliwika wakidhani kumekucha. Dakika ya pili mwanga ukaanza kunywea. Na nilipofika zizini nilikuwa ninamtafuta ng'ombe kwa kumpapasa.

Nikarudi kwake kwa upole, nikiwa na kiboksi, risiti na salamu kamili. Nilimweleza kwamba mpwa wangu anayeongoza watalii mlimani ana tochi ya Wurkkos FC11, ambayo inatangazwa kuwa na lumeni 1,300 tu, na kwamba nilipoiazima niliinatisha kwenye bati kwa sumaku iliyo kitakoni mwake, ikanimulikia zizi lote mpaka nikamaliza kumkagua ng'ombe. Nilimwomba anieleze inakuwaje 1,300 iishinde 20,000. Hilo ni swali la mtoto wa darasa la tatu. Na jibu nililopewa ni kumulikwa usoni, saa sita mchana, mtu mzima niliyevaa kitenge cha kwendea benki, kama panya aliyekutwa ghalani.

Fedha azile. Lakini kumulikwa! Angenitukana tu ningemjibu, kwa maana mdomo ninao, ila mtu aliyemulikwa hawezi kujibu kitu, hukunja uso na kutafuta pa kushika. Nilipopata kuona tena alikuwa tayari anamhudumia mwingine, na spika inaendelea kutangaza.

Ninasubiri michango yenu, ila asitokee mtu wa kuniambia kwamba nilipaswa kukisoma kiboksi. Nilikisoma. Kiboksi ndicho kilichosema uongo, na yeye ndiye aliyenimulika.

Fundi_Majengo: Pole sana, mama. Betri iliyomo humo bila shaka ni ile ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Watengenezaji waaminifu hufikisha mAh 3,500 hivi kwa volti 3.6, sawa na wati-saa 12.6, hiyo 9,900 imo kwenye karatasi ya plastiki iliyoviringishwa tu. Ukiwa na mizani ya sonara, ipime: yenye ujazo wa kweli huwa na gramu 45 na kuendelea, na za uongo mara nyingi ni nyepesi. Sasa, LED nzuri katika tochi ndogo hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo lumeni 20,000 zingehitaji wati 200, na betri hiyo ingekauka kabla ya dakika nne kutimia, baada ya kukuunguza kiganja. Kuhusu kilomita 2, kipimo cha FL1, ambacho watengenezaji hutumia kupimia tochi, kinahesabu umbali hadi pale mwanga unaoangukia kitu unapobaki robo ya luksi, yaani kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kufika kilomita 2 kunahitaji kandela 1,000,000, yaani ukali wa mwale wenyewe. Tochi ya mfukoni ikifikisha 20,000 imejitahidi sana.

Hata hivyo, kunywea si kosa lake peke yake. Kila tochi ndogo yenye nguvu hushusha mwanga baada ya muda mfupi ili isijichome, hata hiyo ya mpwa wako. Tofauti ni kwamba ya mpwa wako hushuka hadi kiwango kinachofaa na kukaa hapo, na yako inashuka bila breki.

Mkazi_wa_Pasua: Mleta mada, umeeleza vizuri sana, ila hujalijibu swali la muuzaji. Ulitaka tochi au ulitaka jua?

MamaKibosho: Nimekuripoti kwa wasimamizi.

Fundi_Majengo: Nami nimejaribu kulipigia hesabu swali hilo. Jua la saa sita hutoa luksi 100,000 hivi. Ili tochi ya kandela 5,000 ikufikie kwa kiasi hicho hicho, ilibidi aishike sentimita 22 kutoka jichoni mwako.

MamaKibosho: Hapo hapo ndipo alipoishika! Ninashukuru kwamba sasa kuna ushahidi wa kitaalamu. Na ilikuwa mara mbili.

Kijana_Sakina: Ninyi wa Moshi mnamulikwa mara mbili mnafungua uzi. Sisi huku Arusha tunamulikwa kila jioni na bodaboda waliofunga taa za LED za ziada kwenye usukani, zikiwa zimeelekezwa machoni mwa anayekuja badala ya barabarani. Juzi kutoka Ngarenaro nilisimama kabisa pembeni nikidhani ni lori, kumbe ni pikipiki imebeba trei za mayai. Anayeuza taa hizo naye mnamjua, na yeye ndiye wa kuanza kushughulikiwa kabla ya mtu wa kofia ya sufu.

Binti_Njiro: Afadhali wewe unakutana nao barabarani. Mlinzi wa nyumba ya jirani yangu amenunuliwa tochi yenye kumetameta, na kila akisikia paka anaielekeza kwenye dirisha langu la chumbani ikiwa katika hali hiyo. Ninaamka ukuta mzima unacheza disko. Nilipolalamika aliniambia, kwa heshima zote, kwamba hajui inavyotolewa huko, kwa kuwa kitufe ni kimoja na maelezo ya kiboksi ni ya Kichina.

Fundi_Majengo: Nyingi za aina hiyo hupita hali tano kwa kubonyeza nusu: kali, ya kati, hafifu, ya kumetameta, kisha ishara ya SOS. Mwambie abonyeze tena mara mbili.

Binti_Njiro: Nilimwambia. Sasa inatoa SOS.

Mgumu_wa_Zamani: Mimi nimepandisha mizigo mlimani kwa miaka mingi, na malalamiko yangu yanawahusu watalii wanaofika na tochi za mkononi za lumeni elfu na zaidi, wakijisifia getini. Usiku wa kuelekea kileleni mtu anaondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu na saa sita usiku, mikono yote ina fimbo, na baridi ni ya chini ya sifuri. Tochi ya mkononi ataishika kwa meno? Safari hiyo ni ya taa ya kichwani, na lumeni 200 zinamtosha, kwa sababu anachotazama ni visigino vya aliye mbele yake. Wakigeuka nyuma kuuliza kama tumekaribia, wanatupofusha msururu mzima. Halafu baridi ikiilegeza betri ya kuchaji wanasema wameuziwa feki, kumbe ingewekwa ndani ya koti karibu na mwili ingerudisha nguvu zake. Anayetaka kuwa na uhakika achukue betri za lithiamu zisizochajiwa za AA, ambazo hustahimili hata nyuzi 40 chini ya sifuri.

MamaKibosho: Jamani, tulikuwa tunazungumzia kumulikwa kwangu. Mbele ya watu. Na yule mama wa soketi bado alikuwa anacheka nilipofika upande wa pili wa barabara, nilimsikia kwa masikio yangu.

Kijana_Sakina: Mgumu, mimi sipandi mlima, nataka ya mfukoni tu. Je, nichukue ya betri ya 18650 au ya 21700, ile kubwa zaidi? Nimeambiwa hiyo ya pili ina mAh 5,000.

Mgumu_wa_Zamani: Chukua ya 21700. Tochi ya Fenix PD36R inaitumia betri hiyo, ina lumeni 1,600 na inafika mita 283, na mwili wake mkubwa unapooza joto vizuri zaidi.

Fundi_Majengo: Simkubalii. Betri peke yake ina takriban gramu 70, na ukijumlisha na mwili wa tochi suruali ya kitambaa chepesi inavutwa upande mmoja. Kitu cha kubeba kila siku ni kile ambacho hukiachi nyumbani. Ya 18650 inatosha, na siku ikichoka utapata nyingine kwa mafundi wa kompyuta mpakato, ilimradi uipime kwanza.

Mgumu_wa_Zamani: Za kwenye kompyuta mpakato zimeshatumika miaka mitatu, Fundi. Unamshauri kijana anunue mabaki.

Fundi_Majengo: Nimesema aipime kwanza. Na kama unatafuta kidogo zaidi, zipo zinazopokea ama 14500, betri ya kuchaji yenye umbo la AA, ama betri ya kawaida ya AA, kwa hiyo ukikwama unanunua AA duka lolote la mtaani.

Mkazi_wa_Pasua: Hiyo ya AA ndiyo ninayoitafuta mimi kwa ajili ya mama mkwe. Inapatikana hapa Moshi au ni mpaka Arusha?

Kijana_Sakina: Arusha zipo, jaribu maduka ya vifaa vya kambi yanayouzia watu wa safari. Bei ya kwanza watakayokutajia ni ya mtalii, kwa hiyo msalimie muuzaji kwa Kiswahili kabla hujaonyesha unachotaka.

Binti_Njiro: Na uulize kama inaweza kuondolewa hiyo SOS.