Mjadala: Je, Ni Sawa Mkazi wa Pwani Kufuga Matumbawe Sebuleni?

Mtoa mada: Ndugu wachangiaji, ninaishi Nyali, Mombasa, na ninafikiria kuweka nyumbani tangi la lita 300 la maji ya bahari, lenye matumbawe hai na samaki wa mapambo. Wapo wanaoniambia kuwa litawaelimisha watoto, na wapo wanaosema ni kuipora bahari ili nipambe ukuta. Naomba hoja.

Mchangiaji wa kwanza: Mimi naunga mkono. Samaki wa mapambo wa pwani ya Kenya wamekuwa wakisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na wapiga mbizi wetu hupata riziki humo. Ikiwa mkazi wa London anaruhusiwa kuwafuga, sioni sababu ya kumlaumu anayeishi ufukweni.

Mchangiaji wa pili: Hoja hiyo ya haki ina uzito, ila haimjibu mwenye mada, kwa sababu mazingira ya London na ya Nyali hayafanani. Wenzetu wa huko hununua kifaa cha kupasha maji joto. Sisi tunahitaji cha kuyapoza, nacho ni ghali na hula umeme. Tumbawe ni mnyama anayelishwa kwa sehemu kubwa na mwani mdogo uliomo mwilini mwake, na maji yakizidi joto kwa muda tumbawe huutoa mwani huo, akapauka na hatimaye kufa, kama ilivyotokea kwa sehemu kubwa ya miamba ya Kenya na Tanzania mwaka 1998. Wengi hujaribu kuelekeza feni juu ya tangi. Joto hushuka kweli, lakini maji huwa mvuke na chumvi hubaki, kwa hiyo kipimo hupanda kupita gramu 35 kwa lita, na asiyejua hujazia maji ya bahari badala ya maji yasiyo na chumvi, akazidi kuharibu.

Kisha kuna umeme. Ulipokatika karibu nchi nzima Agosti 2023, mwenye tangi asiye na betri wala jenereta alikuwa hatarini kupoteza kila kitu: pampu zikisimama, oksijeni hupungua, samaki huja juu wakihema, na wanaokufa huoza na kutoa amonia inayowamaliza waliobaki.

Kuhusu chanzo, Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iko mbele yako tangu 1986, na humo hakuna ruhusa ya kuchukua chochote. Matumbawe magumu yanayovuka mipaka hudhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Afadhali vipande vilivyokuzwa tangini, na usinunue kila samaki kipepeo unayevutiwa naye, maana baadhi yao hula matumbawe tu na hufa njaa.

Mchangiaji wa kwanza: Haya ni masharti ya ufugaji, ndugu yangu, wala si sababu ya kuukataza.

Mchangiaji wa pili: Sikatazi. Nasema asiyeyamudu asianze.

Mtoa mada: Nashukuruni. Nitaweka kwanza maji na mawe, bila kiumbe wa kununuliwa, kuanzia Januari hadi Aprili, nikiandika joto asubuhi na alasiri. Yakishindwa kubaki chini ya nyuzi 28, nitaliuza tangi.