Ferguson la kijivu Gede: nitajuaje kama ni lenyewe?

Mkulima_Gede
Salaam aleikum wakuu. Huku kwetu Gede kunauzwa trekta la zamani la Ferguson, rangi ya kijivu. Mwenyewe asema ni TE20 ya dizeli, mwaka 1948, ataka laki tatu na nusu. Babangu ujanani mwake alikuwa dereva wa trekta kama hili, ndiyo maana nalitaka lililo asili, si la kuungaunga. Rangi ni mpya na kibati cha namba chang'aa. Niangalie nini?

Fundi_Maweni
Waaleikum salaam. Ndugu yangu, usitoe hata shilingi bado. TE20 zilitengenezwa Coventry, Uingereza, 1946 hadi 1956, lakini ya dizeli ilianza 1951. Dizeli ya 1948 hakuna. Ama mwaka si huo, ama injini si yake.

Soma herufi za mwanzo kwenye kibati, pale dashibodini: TEA ni petroli, TEF ni dizeli. Kisha fungua boneti uone kilichomo. Na kibati chenyewe usikiamini haraka, maana vipya vinauzwa na mtu hugonga namba aitakayo. Tazama ribiti zake kama ni za zamani au za juzi.

Jambo linalowaponza wengi ni kwamba trekta hili halina chesi, yaani fremu ya kubeba vyote. Injini, giaboksi na sehemu ya nyuma zimefungwa kwa bolti, basi huo ndio mwili. Mbele yaweza kuwa la huyu, nyuma la yule. Pale kwenye maungio kwangua rangi kidogo kwa kisu. Muuzaji wa haki hakatai.

Halafu hesabu gia. TE20 ina nne za mbele na moja ya nyuma, na stata huwashwa kwa mkono wa gia huohuo, unausukuma mpaka S. Nimeshaona MF 35 (Massey Ferguson, trekta la baadaye) iliyopakwa kijivu ikauzwa kwa jina la TE20. Hiyo ina gia sita za mbele na mikono miwili. Ni trekta zuri mno, lakini silo uliloambiwa.

Bi_Mambrui
Na karatasi, mwanangu. Namba zilingane na logibuku, na jina liwe la anayeuza. Ikiwa ni mali ya marehemu, warithi wote wajue. Sisi tulinunua tela kwa mtoto mmoja, nduguze wakaja kulidai.

Mkulima_Gede
Ahsanteni sana. Nimetoka huko sasa hivi. Kibati ni TEA, ribiti zina kutu ya zamani, gia nne, stata kwa S. Lakini ndani nimekuta nozeli za kupulizia dizeli, tatu.

Fundi_Maweni
Tatu? Basi hata si injini ya TEF, maana ile ina silinda nne, na kila silinda ina nozeli yake. Trekta ni TE20 kweli, ila lilikuwa la petroli, likaja kutiwa dizeli nyingine. Huenda ni Perkins P3, injini ya dizeli ya silinda tatu. Ferguson nyingi zilibadilishwa hivyo. Usilipe bei ya trekta la asili. Na muulize injini ya kwanza iko wapi, pengine bado wanayo ghalani. Akikupa na hiyo, niite nije niitazame.