Sapatu au kandambili: Kiswahili cha shuleni Uganda kivae kipi?

Mleta mada (Kyotera):

Wiki iliyopita binti yangu wa darasa la nne alirudi na daftari lenye mkwaju mwekundu. Palikuwa na picha ya kile kiatu cha mpira cha kuogea, naye chini yake akaandika "sapatu". Mwalimu kakata, kaandika "kandambili", alama imekwenda. Mtoto akaniuliza, "Taata, kwani sisi hapa nyumbani tunavaa nini?" Nikaangalia miguu yangu. Sapatu.

Mnajua tulipofika. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, kikalala. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima, msingi na sekondari. Sawa, mimi naunga mkono. Ninachouliza ni hiki: pale ambapo Uganda tayari tuna neno, na neno lenyewe ni la Kiswahili, kwa nini mtoto aliache ili ajifunze la Dar es Salaam?

Maana sapatu si neno letu la kubuni. Lilishuka pwani na Wareno, kwao ni *sapato*, likaingia Kiswahili pamoja na meza, bendera, leso na gereza. Likapanda bara. Muganda anasema ssapatu kama anavyosema emmeeza. Limo kwenye kamusi. Kosa la mtoto ni lipi hapo?

Na hao wenye Kiswahili chao wenyewe hawajakubaliana. Sikilizeni kisa. Nauza viatu, vingi ni mivumba, nyinyi mnasema mitumba. Siku moja akasimama dereva wa lori aliyetoka Bukoba kupitia Mutukula. Miguu imevimba kwa joto la injini. Akasema, "Nipe ndala." Kijana wangu wa dukani, Muganda halisi, akasikia *endala*, yaani nyingine. Akampa kiatu kingine. Dereva akatikisa kichwa, "Hapana, ndala." Kijana akaleta kingine. "Ndala, bwana, ndala!" Kingine. Niliporudi kutoka msalani nilikuta viatu kumi na moja vimepangwa mbele ya yule bwana kama vya msikitini, na kijana anatokwa jasho.

Kichekesho ni kwamba kamusi inaandika *ndara*. Sisi Waganda tunachekwa kila siku kwa kuchanganya r na l, halafu Watanzania nchi nzima wanasema ndala na hakuna anayewakata kwa wino mwekundu.

Haya, uwanja wenu.

Mwalimu (Jinja):

Ssebo, mimi ndiye mwenye ule wino. Si wa binti yako, ila ningekata vilevile.

Darasani kwangu wako watoto wanaozungumza Lusoga, Luganda, Lugwere, Acholi na Lugisu nyumbani. Nikimruhusu kila mmoja alete neno la jikoni kwao kwa sababu "linafanana na Kiswahili", sitakuwa nafundisha lugha, nitakuwa nasuluhisha kesi. Kitabu kinasema kandambili. Nalo ni neno linalojieleza: kanda mbili. Mtoto analishika siku hiyohiyo, na hapohapo namfundisha ukanda, kanda. Sapatu inamfundisha nini?

Tena umekiri mwenyewe. Kwa Mreno *sapato* ni kiatu kamili, kile cha kuvaa ofisini. Neno limeshuka cheo njiani mpaka limefika bafuni. Pwani ya zamani sapatu haikuwa lazima kitu hiki cha mpira chenye kamba katikati ya vidole. Kwa hiyo usituambie ni "sahihi zaidi".

Mama wa nguo (Kampala, mzaliwa wa Mombasa):

Mwalimu, kamba ya kulia ikikatika inakuwa kandamoja?

Natania. Ila nimekulia Mombasa, kwetu ilikuwa champali, neno la Wahindi. Nyanya alikuwa na makubadhi ya ngozi ya kutokea, na mtalawanda wa mbao wa kwendea kisimani, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Nilipoolewa Dodoma nikakuta malapa. Sikupotea. Mtu akinyoosha kidole miguuni unaelewa. Naona mnampigania mtoto vita asiyoijua.

Fundi viatu (Arua):

Mimi nashona na kukata tairi. Hiki kiatu cha tairi ya gari Uganda kinaitwa lugabire. Mteja wangu wa Kenya anakiita akala. Mtanzania anakiita katambuga. Tairi ni ileile, pengine imetoka kwenye lori lilelile. Mwalimu, kitabu chako kinasema nini hapo? Nauliza kweli, kwa sababu wanangu wataulizwa mtihani na mimi ndiye ninayekitengeneza.

Mwalimu (Jinja):

Nimekitafuta kwenye kitabu cha kiada tangu jana. Hakimo.

Mzee (Luweero):

Sikutaka kuingia, lakini mmetaja viatu.

Nyinyi vijana mnabishana jina la sapatu. Sisi Kiswahili tulikijua kwa amri. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini hatukukisoma kwenye amri ya serikali, tulikisikia barabarani. Basi linasimamishwa kizuizini, askari anapanda: "Shuka. Vua viatu. Kaa chini." Marehemu kaka yangu alijua maneno hayo matatu tu ya Kiswahili mpaka kufa kwake, na hakutaka la nne. Mjukuu wangu aliponiambia *kuvua* ni pia kutoa samaki majini, nilimwambia hapana, amedanganywa. Nilidhani ni neno la bunduki.

Ndiyo maana wengi wa umri wangu tulinuna habari za mwaka 2022 zilipotangazwa. Mleta mada, hoja yako ya kamusi sina ujuzi nayo. Ila mjukuu akija na neno *sapatu* nitalipokea, kwa sababu mama yangu alilitumia. Akija na maneno yote mageni, nitasikia tena kile kizuizi.

Mwalimu (Jinja):

Mzee, shikamoo. Hilo sikuwa nimelifikiria, na sina jibu la haraka.

Ila hofu yangu bado iko. Mtihani unasahihishwa na mtu asiyemjua mama yako. Nikimwachia mtoto sapatu leo, anaweza kukatwa kesho na mtu ambaye hatajibu hapa.

Mleta mada (Kyotera):

Basi tuwafikie hao wanaotunga mtihani. Na wasituambie kwamba sisi ni wageni waalikwa. Kamati ya Kiswahili ilipoanza kazi mwaka 1930 ya kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, nchi zake zilikuwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Miaka ya 1950 makao yake yalikuwa hapohapo Makerere. Kama walikaa Kampala, basi hata wao jioni walivua viatu vya ofisi wakavaa kitu. Sijui waliita nini.

Pendekezo langu ni dogo: kitabu kiandike kandambili, na pembeni kiandike sapatu, ndara, champali, malapa. Atakayejibu lolote apewe alama. Na lugabire iingie kwa jina lake, maana hapo kitabu hakina la kutukata.

Jumatatu nakwenda shuleni na kamusi. Mke wangu amenikataza kwenda na sapatu, anasema mlinzi wa getini hataniruhusu niingie.

Fundi viatu (Arua):

Nenda na lugabire.