Deiwaka, mkataba wa misheni au mradi wa miezi mitano: mwenye usonji achague kipi Mtwara?

Mwana_Mikindani
Habari za jioni wadau. Mimi ni muuguzi wa diploma, leseni hai, miaka sita kazini na yote ya kuungaunga. Nina usonji (autism), nilithibitishiwa Dar nikiwa na miaka 29, baada ya kuitwa "yule anayejisikia" tangu chuoni. Nina nafasi tatu mkononi na natakiwa kujibu kabla ya Jumatatu.

Ya kwanza ni deiwaka, yaani kibarua cha siku, hospitali binafsi hapa mjini. Wananipigia jioni, "kesho njoo", elfu 25 kwa zamu, unapewa mkononi. Raha yake ni kwamba sina vikao, sina mchango wa sherehe ya mtu nisiyemjua, na zamu ikiisha hakuna wa kuniuliza mbona sichangamki. Karaha yake ni hiyo simu. Sijui kesho nitapangwa wodi ya watoto au mapokezi, basi usiku kucha najipanga kwa zote mbili na asubuhi wananipeleka ya tatu.

Ya pili, mkataba wa mwaka kwenye hospitali ya misheni, barabara ya Masasi, na chumba ndani ya uzio.

Ya tatu, mradi wa miezi mitano, huduma za mkoba, yaani kuwafuata wagonjwa vijijini, Newala na Tandahimba. Hela yake inazishinda zote. Lakini ni gari moja, watu sita, vumbi, na muziki wa dereva.

Kazi yenyewe hainishindi. Kanula naipata mara ya kwanza, na hesabu za dawa wenzangu huniletea niwahakikishie. Kinachonimaliza ni kwamba kila sehemu mpya ina taratibu zake ambazo hazikuandikwa popote, na kila mtu anadhani umezaliwa nazo. Sehemu moja nisiyoitaja, mfawidhi aliniambia, "Hebu nitazamie mgonjwa wa kitanda cha sita." Nikasimama pale, nikamtazama. Dakika ishirini. Kumbe nimpime presha na kubadilisha dripu. Wodi nzima ilicheka na mkataba haukuongezwa.

Nipeni uzoefu.

Korosho_Ghafi
Mkuu, usonji si mambo ya watoto? Hapo umeandika maelezo yamenyooka kuliko ya mwalimu. Una nafasi tatu unalalamika, wenzio tuna vyeti kabatini.

Maabara_Lindi
Korosho, hao watoto unadhani wakikua wanakwenda wapi? Mtoto wa kwanza kwenye maelezo ya Leo Kanner ya 1943 ni Donald Triplett. Alifanya kazi benki huko kwao Mississippi, akacheza gofu, akafariki 2023 akiwa na miaka 89. Usonji haukumtoka hata siku moja.

Mwana Mikindani, mimi niko maabara na ni wa kundi lako, ingawa sina karatasi ya daktari. Usiidharau kazi ya kutembea vijijini. 2022, polio ilipoonekana Malawi na sisi tukaanza kampeni ya matone, nilijiunga nikiwa na hofu kuliko wewe. Nikaikuta ndiyo kazi iliyonikaa vizuri kuliko zote. Hodi, salamu, watoto wangapi chini ya miaka mitano, matone mawili, wino kidoleni, chaki ukutani, nyumba inayofuata. Maneno yaleyale mara mia. Wenzangu walichoka kurudiarudia, mimi ndiyo nilikuwa napumua.

Halafu kuna hili: huku kwetu kutomkazia mzee macho ni adabu. Vijijini mabibi walinisifia malezi. Ofisini kwa macho hayohayo niliambiwa nina jambo naficha.

Ila ile ilikuwa siku nne, nikarudi kulala kwangu. Miezi mitano na watu wale wale sita ndani ya gari ni habari nyingine, hapo mimi sisemi.

Bi_Shangani
Mwanangu, mimi ni mkunga mstaafu. Hao wanaokuja kwa zamu moja moja nimewapokea wengi, na nitakwambia tulivyokuwa tunawatumia: kazi wasiyoitaka wenyeji ndiyo anapewa mgeni. Mgonjwa mwenye ndugu wakali, ni wake. Chumba cha vidonda, ni chake. Si roho mbaya, ni kwamba kesho hayupo kunung'unika. Kwa hiyo deiwaka kwako naiona nzito kuliko unavyoiona.

Misheni nazijua. Hospitali za Ndanda na Nyangao zimetokana na watawa wa Kibenediktini, na mtu aliyelelewa kwa kengele anapenda kila jambo na saa yake. Hilo litakufaa. Lakini ndani ya uzio hakuna pa kujificha. Aliyekukaripia asubuhi ndiye utakayepanga naye foleni ya maji jioni, na Jumapili atakuuliza mbona hukuonekana. Ukienda, chungulia kitabu cha ripoti cha wodini. Kama zamu ya usiku imeandika "wagonjwa wote wanaendelea vizuri" na kusaini, ujue makabidhiano yanafanyika mdomoni, na wewe wa mdomoni yatakupita. Kama kimeandikwa kitanda kwa kitanda, chukua kazi.

Na uulize chumba kiko upande gani wa jenereta.

Mwana_Mikindani
Shikamoo mama. La kitabu cha ripoti sikuwa nimelifikiria kabisa. La jenereta nimelifikiria mpaka basi.

Mtu_wa_Mikataba
Nitaongea kikaratasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu, kwa hiyo wa mwaka mmoja ni halali. Lakini kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimgusi mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Mradi wako ni wa miezi mitano. Siku dereva akisema hapatani na wewe, huna pa kushika. Pia kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwenye hiyo elfu 25 sidhani kama kuna aliyeipigia hesabu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Ila kutangaza au kutotangaza ni uamuzi wako. Mimi ningenyamaza.

Mpwa_wa_Ughaibuni
Niko Uingereza, kazi za wakala hospitalini. Huku Sheria ya Usawa ya 2010 inataka mwajiri arekebishe mazingira, nami nilitangaza. Nimepewa sehemu tulivu ya kuandikia, basi. Wodi mpya kila wiki haijarekebishika. Sitaji jina la hali tena, nataja ninachohitaji: "Naomba maelekezo uniandikie, nisikosee dozi." Hakuna mfawidhi aliyewahi kukasirikia sentensi hiyo.

Mwana_Mikindani
Wadau, mrejesho. Leo nimepanda basi mpaka misheni. Kitabu cha ripoti: kitanda kwa kitanda, mpaka mkojo umepimwa mililita ngapi. Rosta ya mwezi mzima iko ukutani. Chumba kiko nyuma ya jengo la kufulia, jenereta inasikika lakini kwa mbali, nikiweka vizibo vya masikio nalala. Nimemwambia mfawidhi ile sentensi ya Mpwa. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema hata yeye hukumbuka vilivyoandikwa tu. Usonji sikuutaja, na sijui kama nitautaja.

Foleni ya maji ipo kweli, mama. Nimeiona. Ndefu. Nitakuwa nachota saa kumi alfajiri.

Bi_Shangani
Saa kumi utawakuta wazee wenzangu wote. Nunua pipa.

Korosho_Ghafi
Mkuu, ile nafasi ya mradi kama umeiacha nielekeze ofisi yao iko wapi. Mimi muziki wa dereva haunisumbui.