Safari ya injili kwa miguu katika bonde la Yaeda: tunaomba ushauri

Mwenyekiti wa vijana, Moshi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Vijana wa usharika wetu hapa Moshi tumekusudia kwenda bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, mwishoni mwa Julai, ili kuwatembelea Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachimba mizizi, na kuwashirikisha Neno la Mungu. Tunatarajia kuacha gari Yaeda Chini, kisha tutembee kwa miguu kutoka kambi hadi kambi kwa muda wa wiki moja. Waliojiandikisha ni vijana 30, mazoezi ya kupanda vilima vya Kibosho yameanza, na akina mama wamekusanya marobota ya mitumba pamoja na unga na sabuni. Wengi wetu tumewahi kupanda hadi kibanda cha Mandara mlimani Kilimanjaro, lakini hakuna aliyefika bondeni huko. Naomba wenye uzoefu watueleze tubebe nini, tujikinge vipi na maradhi, na ni jambo gani tumelisahau.

Mwinjilisti mstaafu, Arusha

Asifiwe sana, mwanangu. Umeuliza vizuri kuhusu mizigo na maradhi, ila sijaona uliposema kwamba Wahadzabe wenyewe wamekwisha kuulizwa kama wako tayari kuwapokea, na maandalizi huanzia hapo. Mwaka 2011, baada ya miaka mingi ya mapori yao kumegwa na wakulima na wafugaji, Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team la hapa Arusha. Kwa hiyo mnaingia nyumbani kwa watu. Iandikieni serikali ya kijiji cha Mongo wa Mono, watangulie wawili kuonana na mtendaji na wazee, nanyi mkubali tarehe mtakayopewa hata kama si Julai. Mfahamu pia kwamba Wahadzabe hawana chifu wa kusema kwa niaba ya wote; kibali cha kijiji kitawafikisha kijijini, lakini kila kambi ina haki ya kuwakaribisha au kuwaambia mpite.

Idadi yenu inanitia wasiwasi zaidi. Kambi moja mara nyingi haizidi watu 30, wakiwemo watoto wachanga, na wakati wa kiangazi maji yao huweza kuwa kishimo kilichochimbwa kwa mikono kwenye mchanga wa korongo. Mkishuka 30 kwa pamoja mtakikausha asubuhi moja. Nendeni sita au saba, na mmwajiri kijana wa Kihadzabe awe kiongozi na mkalimani, mkimlipa kwa haki. Wengi wao wanasema Kiswahili, lakini mazungumzo mazito hufanyika kwa lugha yao yenye vidoko (sauti za kugonga ulimi), isiyo na undugu unaojulikana na lugha nyingine yoyote.

Msipige hema karibu na maji, kwa sababu kadiri kiangazi kinavyokolea ndipo wawindaji wanapojificha hapo usiku kuvizia wanyama, na moto wenu mmoja tu utawanyima watu chakula. Usiku wa giza, usio na mwezi, mkisikia wanacheza ngoma ya epeme, zimeni tochi na simu. Hiyo ni ibada yao, hairekodiwi.

Muuguzi, Karatu

Naongezea upande wa afya. Kinga muhimu kuliko zote ni kutowapelekea ugonjwa: yeyote anayekohoa au mwenye homa siku ya kuondoka abaki nyumbani, kwa maana mafua anayoyapuuza kijana wa mjini yanaweza kumlaza mtoto wa kambini, mbali na zahanati. Bebeni vyandarua, dawa ya kutibu maji, chumvi za kurudisha maji mwilini, na hakikisheni chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati. Kuna mbung'o, nao huvutwa na nguo nyeusi na za bluu iliyokolea. Vaeni rangi ya kaki, mikono mirefu.

Mwongozaji wa wapanda mlima, Moshi

Mazoezi ya Kibosho yanasaidia mapafu, lakini Yaeda adui ni jua na miiba. Mwiba wa mgunga hupenya soli ya raba hadi nyayoni, kwa hiyo vaeni buti ngumu zilizokwisha kuzoea miguu. Tembeeni kuanzia alfajiri hadi saa nne, mpumzike kivulini hadi saa kumi. Kila mtu abebe lita nne za maji.

Mwenyekiti wa vijana, Moshi

Nashukuru sana. Nitapunguza idadi na kuandika barua wiki hii. Swali langu ni kuhusu marobota: akina mama wamejitolea kwa moyo, je, tuwaambie nini? Na je, tusihubiri kabisa?

Mwinjilisti mstaafu, Arusha

Waambie akina mama kweli yenyewe. Wahadzabe huhama na kile wanachoweza kubeba, tena kitu hugawanywa kwa wote waliopo. Robota likifunguliwa kambini, lisipowatosheleza wote litaleta ugomvi, na litakalosalia litatupwa mtakapoondoka. Kiulizeni kijiji shule au zahanati ina upungufu gani, kisha uzeni nguo hizo Moshi mnunue kinachohitajika. Fedha taslimu msigawe kambini. Upande wa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, tumeona fedha za wageni zikiishia kwenye pombe, na watoto wakilala njaa.

Kuhusu mahubiri, miaka ya 1960 serikali iliwahamishia makazi ya kudumu Yaeda Chini. Wengi waliugua, na wengi wakarudi porini. Wazee hawajasahau wageni waliofika na mpango uliokwisha kuamuliwa. Fuataneni na akina mama wanaochimba mizizi, beba kuni ulizoombwa kubeba, na mtu akikuuliza kwa nini umekuja, mjibu kwa imani yako yote bila kuficha. Asipouliza, usimlazimishe. Kabla ya barua, zungumzeni na watumishi wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Mbulu, kwa sababu wao ndio watakaobaki jirani na watu hao ninyi mkisharudi Moshi.