Jangwani hapa Dar maji yakishapungua ndo utelezi unaanza, nyie mnapitaje pale darajani?

Wakuu habari za jioni. Mi nakaa Magomeni, mishe zangu Kariakoo, usafiri pikipiki. Mafuriko yenyewe hayanisumbui, maji yakijaa wanafunga njia unageuza unarudi zako home. Balaa ni wakishafungua. Juzi saa kumi na mbili asubuhi napita naona lami kavu kabisa, kumbe juu kuna tope laini kama uji wa mtoto, daladala mbele kashika breki ghafla na mi nikashika, tairi la mbele likaondoka lenyewe. Bahati nilikuwa mwendo wa kinyonga, nimechubuka goti na sait mira imeenda. Kuna jamaa ananiambia niwe naingia njia ya mabasi ya mwendokasi, eti kweli?

bwana_gia: Pole sana mkuu. Mto Msimbazi unatoka huko milima ya Pugu unabeba mchanga na taka za mji mzima unakuja kuvilaza pale bondeni. Hilo tope likikauka ni vumbi, likipata umande ni sabuni. Breki ya mbele pale sahau, punguza gia kabla hujafika darajani, ya nyuma gusa kidogo kidogo

mama_wawili: Mwendokasi usijaribu kaka. Ile ni zege na tope likikaa juu ya zege linateleza vilevile, halafu basi likija nyuma yako na kingo huku na huku unakimbilia wapi? Hapo trafiki sijamtaja

fundi_lami: Mi naogopa mashimo zaidi. Maji yakilala juu ya lami yanapenya kwenye nyufa, chini kunalainika, malori yakianza kupita lami inamenyeka kama ganda la ndizi. Sasa shimo likijaa maji ya tope kina chake utakijuaje? Mi nimepinda ringi palepale. Kila mwaka mchanga unachotwa chini ya daraja, mvua moja tu umerudi. Dawa ni daraja jipya la juu, lipo kwenye ule mradi wa Bonde la Msimbazi wa hela za Benki ya Dunia

chizi_wa_posta: na daladala wanavyochomekea pale, hata uweke kapeti mtaanguka tu 😂

Mleta mada: Asanteni. Kwa hiyo kesho nizungukie Kigogo?

mama_wawili: Kigogo nako mto ni uleule, ulizia kwanza. Mume wangu wiki ile ya tope piki anaiacha ndani anapanda basi, anakaa dirishani anawahesabu mnavyoteleza