Mjadala: Je, mwanafunzi wa udaktari asome pia uzamili wa afya ya jamii?

Wanaopinga wanasema kwamba kumwongezea mwanafunzi wa udaktari shahada ya uzamili ya afya ya jamii ni kumtwisha mwaka mzima na ada yake, kwa elimu ambayo daktari makini ataipata kazini. Mfano wao ni John Snow, ambaye mwaka 1854 alihusisha vifo vya kipindupindu na pampu ya maji ya Broad Street, London, bila kuhitaji shahada ya namna hiyo.

Mfano huo naukubali, ila nauona unawageukia wenyewe. Snow alikuwa tabibu aliyebobea katika dawa za usingizi, na zama zake hapakuwa na ukuta kati ya anayemtibu mgonjwa na anayefuatilia chanzo cha ugonjwa mitaani. Ukuta huo ulijengwa baadaye na wasomi wenyewe: huko Marekani, ripoti ya wataalamu Welch na Rose ya mwaka 1915 ilipendekeza afya ya jamii iwe na taasisi yake, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kikaanzisha shule ya afya ya jamii kando ya ile ya udaktari. Anayesoma shahada zote mbili anaziba pengo ambalo hakulichimba yeye (ingawa wapo, tusifichane, wanaotafuta tu kurefusha wasifu wao).

Ninapoachana na wanaounga mkono ni kwenye mpangilio. Baadhi ya vyuo vya Marekani hubana masomo yote ndani ya miaka 4 ileile ya udaktari, kwa kuhesabu baadhi ya kozi katika shahada zote mbili. Kwa mwendo huo, epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii) husomwa kwa macho mazito ya usingizi, na takwimu hukaririwa kama majina ya mifupa. Mpangilio wa miaka 5, ambao mwanafunzi hutoka kwa mwaka mmoja akiwa amekwisha kupita wodini, naona una mantiki zaidi, kwa sababu aliyemwona mtoto yuleyule akilazwa mara tatu kwa kuharisha huingia darasani akiwa na swali lake mwenyewe kuhusu maji anayokunywa mtoto huyo.

Kuhusu ada, sina ubishi: ni kikwazo cha kweli. Anayehofia kwamba mwaka mmoja mbali na wagonjwa utafifisha ujuzi wa mikono naye ana hoja, na ndiyo maana ningetaka siku moja ya kliniki kila wiki iwe ya lazima katika mwaka huo.